Samora Machel: mtoto wa misheni aliyepita Kongwa

 

Hapa tumezoea kusoma maisha ya watakatifu: Karoli Lwanga na wenzake, Bakhita, Teresia wa Mtoto Yesu. Leo namleta mtu ambaye hakuna anayemwombea atangazwe mwenyeheri, na sidhani kama yupo atakayeanza. Samora Moisés Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji. Jina lake mnalijua hata kama hamjawahi kusoma habari zake. Ukishuka Posta pale Dar es Salaam unatembea kwenye barabara yake. Wazee wetu wanamkumbuka na ndevu zake, magwanda, sauti kubwa na vichekesho vya jukwaani.

Nimemchagua kwa sababu alikuwa jirani yetu. Wengi hatujui kwamba kabla ya kuwa rais aliishi Kongwa, hapa hapa mkoani Dodoma, akifundisha vijana kutumia bunduki. Halafu kuna jambo jingine ambalo kama mseminari linanikosesha raha. Mtu huyu alibatizwa Mkatoliki, akasomeshwa na mapadre, nao wakamwona anafaa seminari. Miaka ishirini na kitu baadaye, akiwa na madaraka mkononi, alizichukua shule na hospitali za misheni nchi nzima. Nini kilitokea hapo katikati?

Samora alizaliwa tarehe 29 Septemba 1933 huko Chilembene, jimbo la Gaza, kusini mwa Msumbiji. (Ni sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli Malaika Mkuu, mpiganaji. Msinicheke, mseminari lazima aangalie kalenda.) Ukoo wake ulikuwa umeonja vita tangu zamani. Babu zake walikuwa upande wa Gungunhana, mfalme wa Gaza ambaye Wareno walimshinda na kumkamata mwaka 1895, wakamhamishia visiwani Atlantiki na hakurudi tena. Baba yake alikuwa mkulima hodari, mwenye ng'ombe na majembe ya kukokotwa. Lakini chini ya Wareno Mwafrika alilazimishwa kulima pamba, na akiipeleka sokoni alilipwa bei ndogo kuliko mzungu aliyelima pamba ile ile. Miaka ya 1950 serikali ilileta walowezi kutoka Ureno kwenye bonde la mto Limpopo, na familia za wenyeji, ya kina Samora ikiwamo, zikanyang'anywa ardhi yenye rutuba. Kaka yake alikwenda kutafuta riziki kwenye migodi ya Afrika Kusini akafia huko.

Familia yake ilikuwa ya Kiprotestanti. Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo shina la habari lilipo. Mwaka 1940 Vatikano na Ureno walitia saini mkataba, konkordati, pamoja na makubaliano maalumu ya kimisionari. Serikali ya dikteta Salazar iliikabidhi Kanisa Katoliki elimu ya Waafrika katika makoloni yake, ikatoa na fedha za kuziendesha misheni. Kwa maskofu wengi wa wakati ule ilionekana neema kubwa. Kwa mtoto mweusi maana yake ilikuwa kwamba njia ya kwenda darasani inapita misheni, na misheni ilifundisha kwa Kireno, ikahimiza kuipenda Ureno kama mama. Samora alibatizwa akiwa mwanafunzi, kwa sababu bila ubatizo masomo yalikuwa yanaishia njiani. Alipomaliza darasa la nne, mapadre walimfungulia mlango mmoja tu wa kuendelea, nao ulikuwa wa seminari. Alikataa.

Mimi nikifika hapa huwa nasimama kidogo. Niliingia seminari kwa hiari, nimesoma falsafa miaka yangu yote kwa furaha, hakuna aliyenishikia chochote mbele ya macho. Mtu anayebatizwa ili apate cheti, imani yake inaanza na nini? Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba kuamini ni tendo la utashi, huwezi kumlazimisha mtu kuamini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilisema hilo kwa uzito mwaka 1965 katika tamko la uhuru wa dini. Kwa Samora lilichelewa.

Basi akaenda kusomea uuguzi katika hospitali kuu ya Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo. Alianza mwaka 1954. Humo aliona wodi za wazungu na wodi za weusi, na nesi mweusi akipokea mshahara mdogo kuliko mzungu kwa kazi ile ile. Mwaka 1961 alikutana na Eduardo Mondlane, msomi wa Msumbiji aliyekuwa anafanya kazi Umoja wa Mataifa na alikuwa amekuja nyumbani kutembea. Mwaka 1962 Mondlane akachaguliwa kuiongoza FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam. Machi 1963 Samora akatoroka. Alipita Swaziland na Afrika Kusini mpaka Botswana, na huko akapata kiti kwenye ndege iliyokuwa inawaleta vijana wa ANC Tanganyika. Hivyo ndivyo nesi yule alivyofika kwetu, mikono mitupu. Alipoulizwa anataka nini, alichagua jeshi. Wakampeleka Algeria kwa mafunzo, na aliporudi wakampa kambi ya Kongwa.

Wanaotoka Dodoma kwenda Morogoro mnalijua lile tawi la barabara pale Mbande. Unakata, unaingia Kongwa: mibuyu, miiba, ng'ombe, upepo na vumbi. Lakini ule udongo una historia nzito. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yao ikaanzisha mradi mkubwa wa karanga hapa Tanganyika, na Kongwa ndiyo ikawa mahali pa kuanzia. Walileta makatapila, wakageuza hata vifaru vya vita kuwa matrekta ya kung'olea visiki. Mzee yeyote wa Kigogo angewaambia mvua ya huku inavyodanganya na ardhi ya kiangazi inavyokuwa ngumu kama saruji, ila hakuulizwa. Majembe yalivunjika, karanga zikakauka, na mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza zaidi ya paundi milioni 30. Zilibaki nyumba, maghala, na eneo kubwa tupu.

Eneo hilo ndilo serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa wapigania uhuru katikati ya miaka ya 1960, kwa kushirikiana na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam. Kongwa walikaa FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, ZAPU wa Zimbabwe na MPLA wa Angola. Hebu piga picha: vijana wa nchi tano, wengi wao wa umri wetu, wanashiriki maji na jua moja la Ugogo. Kundi la SWAPO lililopita Kongwa ndilo lililofyatua risasi za kwanza za vita vya Namibia mwezi Agosti 1966. Chris Hani wa Afrika Kusini naye aliishi hapo. Huyu utotoni alitumikia altareni na alitamani upadre, baba yake ndiye aliyekataa. Aliuawa kwa risasi mlangoni kwake tarehe 10 Aprili 1993, Jumamosi Kuu. Watu wawili waliokaribia mlango wa seminari, kila mmoja kwa njia yake, wakaishia kwenye kambi moja ya kijeshi. Leo pale pana shule ya sekondari, na makaburi ya baadhi ya wapiganaji wageni ambao hawakurudi makwao.

Samora alikuwa mkali kambini. Wapiganaji walilima chakula chao, walijifunza kusoma na kuandika, na wale wa makabila mbalimbali walichanganywa kwa makusudi, Mmakonde alale na Mshangani. Baadaye FRELIMO ilihamishia mafunzo yake Nachingwea, karibu zaidi na mto Ruvuma. Nako kulikuwa mradi wa karanga uliokufa. Waingereza walituachia mashamba yasiyoota karanga, yakaota majeshi.

Vita vilianza tarehe 25 Septemba 1964, wapiganaji waliposhambulia kituo cha Wareno huko Chai, Cabo Delgado. Mwaka 1966 mkuu wa ulinzi wa FRELIMO, Filipe Magaia, aliuawa, Samora akachukua nafasi yake. Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane akapokea kifurushi Dar es Salaam, akakifungua, kikalipuka na kumwua. Ugomvi wa urithi ukaitikisa FRELIMO, na mwaka 1970 Samora akawa rais wa chama. Katikati ya hayo, mwaka 1969 alimwoa Josina Muthemba, mpiganaji mwenzake, kule Tunduru. Josina alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25 tu. Mpaka leo Msumbiji wanaiadhimisha siku hiyo kama siku ya wanawake.

Kanisa lilikuwa wapi wakati huu? Ukweli ni kwamba lilikuwa pande zote mbili. Baadhi ya maaskofu wa Kireno walibariki majeshi. Lakini Askofu Sebastião Soares de Resende wa Beira alikuwa amekemea uonevu miaka mingi, mpaka alipofariki mwaka 1967. Tarehe 1 Julai 1970 Papa Paulo wa Sita aliwapokea viongozi watatu wa vyama vya ukombozi, akiwamo Marcelino dos Santos wa FRELIMO, na Ureno ikakasirika vibaya. Mwaka 1971 Mapadre Weupe waliamua kuondoka Msumbiji wote kwa pamoja, kwa sababu waliona kukaa kwao kimya kunawafanya washiriki wa dhuluma. Desemba 1972 askari wa Ureno waliwaua mamia ya wanakijiji wa Wiriyamu, jimbo la Tete, watoto kwa wazee. Waliokusanya majina ya marehemu na kuitoa habari ni wamisionari, na dunia ikaisoma Julai 1973 kupitia kwa padre Mwingereza Adrian Hastings. Askofu Manuel Vieira Pinto wa Nampula alifukuzwa nchini Aprili 1974, muda mfupi tu kabla mambo hayajageuka.

Nawaambia haya kwa sababu mitandaoni nawaona vijana wa pande mbili. Mmoja anasema Kanisa lilikuwa mkono wa mkoloni, basi. Mwingine anatetea kila kitu kana kwamba akikubali kosa moja Kanisa litaanguka. Wote wawili hawajakutana na Wiriyamu.

Je, vita vya Samora vilikuwa vya haki? Darasani tulijifunza masharti ya Mtakatifu Tomaso: mamlaka halali, sababu ya haki, nia njema. Paulo wa Sita mwenyewe, katika waraka Populorum Progressio wa mwaka 1967, anaonya kwamba mapinduzi ya silaha huzaa dhuluma mpya, lakini anaacha nafasi nyembamba pale penye udhalimu wa wazi na wa muda mrefu unaokanyaga haki za msingi za binadamu. Kwa maoni yangu, Msumbiji ya mwaka 1964 ilikuwa ndani ya nafasi hiyo. Ardhi ilichukuliwa, kazi ilikuwa ya kulazimishwa, hakukuwa na kura wala gazeti huru, na mwaka 1960 watu waliokusanyika Mueda kudai haki zao walipigwa risasi. Sioni mlango gani mwingine ulikuwa umebaki wazi. Lakini onyo la Papa nalo lilitimia, tena kwa Samora huyo huyo.

Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa jeshi la Ureno, waliochoshwa na vita vya Afrika visivyoisha, waliipindua serikali yao wenyewe mjini Lisbon. Fikirini jambo hilo: vijana waliofundishwa kwenye mashamba mabovu ya karanga walichangia kuuangusha udikteta wa karibu nusu karne huko Ulaya. Septemba 1974 mkataba ukasainiwa Lusaka. Mei 1975 Samora aliaga Tanzania, akavuka Ruvuma na kuanza safari ya kushuka nchi nzima mpaka kusini, na tarehe 25 Juni 1975 akatangaza uhuru.

Mwezi mmoja baadaye, Julai, serikali yake ikataifisha shule na hospitali zote, za misheni zikiwamo. Mwaka 1977 FRELIMO ikajitangaza chama cha Kimaksi na Kilenini. Makanisa yakafungwa sehemu nyingi, mapadre na masista wakafukuzwa au kuwekwa ndani, katekesi ikabanwa. Wapinzani walipelekwa kambi za kurekebisha tabia kule Niassa. Miongoni mwa waliouawa bila kesi ya haki alikuwamo Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa Mondlane, na Padre Mateus Gwenjere, padre mweusi wa Beira ambaye aliwahi kuwaleta vijana FRELIMO kisha akagombana na uongozi. Hapa sina utetezi wa kumpa Samora. Padre Gwenjere hakuwa Mreno, wala hakuwa na konkordati mfukoni.

Naweza kueleza hasira ilikotoka, na nimejaribu. Mtoto aliyelazimishwa ubatizo, akikua, anaweza kuiona sakramenti kama muhuri wa ofisi. Kueleza ni kitu kimoja, kuhalalisha ni kingine. Hata nesi wa wodi ya weusi anapaswa kujibu kwa alichofanya siku alipokuwa na funguo za wodi zote.

Adhabu ya amani ilikuja haraka. Mwaka 1976 Samora aliufunga mpaka na Rhodesia na kuwapa hifadhi wapiganaji wa Zimbabwe, kama Tanzania ilivyompa yeye. Aliijua gharama yake, na sifa hii nampa bila kusita. Rhodesia ilijibu kwa mabomu, na usalama wake wa taifa ukaunda kundi la waasi, RENAMO. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, Afrika Kusini ya makaburu ikawachukua na kuwalea. RENAMO walichoma zahanati, wakalipua reli, wakateka watoto. Lakini tusidanganyane, kundi hilo lilipata pia masikio ya wanavijiji waliochoshwa na serikali iliyowahamisha kwa nguvu, ikawadharau machifu wao na dini zao. Machi 1984 Samora alilazimika kukaa meza moja na makaburu na kusaini mkataba wa Nkomati, kila upande usiwasaidie waasi wa mwenzake. ANC waliona wametupwa. Makaburu hata hivyo waliendelea kuisaidia RENAMO kwa siri.

Desemba 1982, nchi ikiwa inaungua, Samora alikuwa ameita viongozi wa dini zote kukaa nao. Tangu hapo kamba ilianza kulegea kidogo. Sijui aliongozwa na moyo au na hesabu za vita, na kwa mwanasiasa ni nadra kuvitenganisha.

Jioni ya tarehe 19 Oktoba 1986 alikuwa anarudi Maputo kutoka mkutano wa Mbala, Zambia. Ndege yake, Tupolev ya Kirusi, ilipinda njia na kugonga vilima vya Mbuzini, ndani ya ardhi ya Afrika Kusini. Zaidi ya watu 30 walikufa, naye akiwa mmoja wao, akiwa na miaka 53. Tume ya Afrika Kusini iliwalaumu marubani. Warusi walisema kulikuwa na mtambo wa bandia ulioivuta ndege nje ya njia. Mpaka leo suala hilo halijafungwa.

Vita viliendelea baada yake, na hesabu ya waliokufa kwa risasi, njaa na maradhi hukadiriwa kufika milioni moja. Maaskofu Wakatoliki wa Msumbiji walishaanza kusema kwa maandishi jambo ambalo pande zote zililiona usaliti: kaeni mzungumze. Septemba 1988 Papa Yohane Paulo wa Pili alitembelea Msumbiji, na taratibu serikali ikaanza kurudisha mali za Kanisa. Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira, Mndau kama alivyokuwa Afonso Dhlakama wa RENAMO, alisafiri kwa siri mpaka maficho ya waasi kuonana naye. Mazungumzo rasmi yakaanza Julai 1990 mjini Roma, katika nyumba ya zamani ya masista inayotumiwa na Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, walei waliozoea kuhudumia maskini. Wapatanishi walikuwa Gonçalves, Andrea Riccardi mwanzilishi wa jumuiya, mwanasiasa wa Italia Mario Raffaelli, na padre kijana aliyeitwa Matteo Zuppi, ambaye leo ni Kardinali wa Bologna.

Ilichukua zaidi ya miaka miwili. Walibishana juu ya jeshi, juu ya uchaguzi, hata juu ya maneno ya kuitana. Tarehe 4 Oktoba 1992, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, Rais Joaquim Chissano wa FRELIMO na Dhlakama wa RENAMO walitia saini. Samora alikuwa na miaka sita kaburini. Chissano, aliyeshika kalamu siku ile, alikuwa waziri wake wa mambo ya nje.

Tarehe 19 Oktoba mwaka huu zikisomwa nia za Misa ya marehemu parokiani kwangu, nitaliandikisha jina la Samora Moisés, na chini yake la Padre Mateus Gwenjere.